Mwacheni Aende, Ila Akishacheza na Wakubwa

Barua ya wazi kwa wenye akademi za soka za Tanzania na Kenya, na kwa mashirikisho yanayowasimamia, TFF na FKF



Mwezi Julai 2020 klabu ya Birmingham City ya Uingereza ilitangaza kwamba jezi yake namba 22 haitavaliwa tena na mchezaji yeyote. Aliyekuwa akiivaa ni kijana wa miaka 17, Jude Bellingham, aliyelelewa hapo tangu utotoni. Kikosi cha kwanza alikuwa amekichezea mechi 44 tu. Mashabiki wa timu nyingine walicheka mpaka wakashika mbavu: klabu gani hustaafisha jezi kwa mtoto wa msimu mmoja? Lakini Birmingham walikuwa na hesabu zao. Kijana alikuwa anakwenda Borussia Dortmund, korona ilikuwa imekausha mapato ya mlangoni, na zile pauni milioni 25 hivi zilizoripotiwa ziliingia wakati zinahitajika kwelikweli. Hata alipouzwa Real Madrid mwaka 2023 kwa euro milioni 103, kanuni za FIFA ziliipa klabu iliyomlea haki ya kupata fungu lake.

Huku mambo huenda kinyume. Kinda wa miaka 16 akifunga mabao mawili mbele ya mgeni aliyevaa miwani ya jua, wiki haiishi kabla simu ya baba yake haijaanza kuita. Kuna wakala anayemtaka kwa majaribio, kuna mdau mwenye jamaa yake Ulaya, kuna timu kubwa ya mjini iliyotuma mtu na mfuko wa mchele na jezi mpya. Mwenye akademi naye anatoa karatasi kabatini na kusema mtoto ana mkataba wa miaka minane. Anayetaka kuondoka huitwa msaliti. Anayebaki husifiwa kwa uaminifu, kisha huendelea kucheza mechi za kirafiki dhidi ya watoto wenzake mpaka ndevu zinaota.

Swali la kama aondoke au abaki linastahili jibu, na barua hii haina nia ya kulikwepa. Aondoke. Ila aondoke akiwa ameshacheza na watu wazima, msimu mzima ikiwezekana, kwenye ligi ya nyumbani ambako beki wa miaka 30 hamwonei huruma mtoto wa mtu. Na aende mahali ambapo kocha anaweza kutaja nafasi atakayocheza na mtu atakayegombania naye namba. Kabla ya hapo, kazi ya akademi ni kumfikisha kwenye mechi hizo. Kumficha si kumlea.

Mbwana Samatta hutajwa kila mahali kama mfano wa kijana aliyefika Ulaya, na alikopita husahaulika. Hakutoka Mbagala akapanda ndege ya London. Alicheza African Lyon, akaenda Simba mwaka 2010, na mwaka 2011, baada ya Simba kukutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamchukua akiwa na miaka 18. Lubumbashi ndiko kulikomkomaza. Ni mji unaozungumza Kiswahili, cha kwao wenyewe lakini Kiswahili, kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam hakuwa bubu kwenye chumba cha kuvalia. Tajiri wa klabu, Moïse Katumbi, alikuwa na fedha za kuizungusha timu bara zima. Na kubwa kuliko yote, alicheza. Alikaa karibu miaka mitano, na mwaka 2015 Mazembe walipotwaa ubingwa wa Afrika, yeye alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akatunukiwa uchezaji bora wa Afrika kwa wanaosakata soka ndani ya bara, na mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji. Alikuwa na miaka 23.

Wenye haraka wangesema amechelewa. Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Januari 2020 Aston Villa wakamnunua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi mwaka huo akafunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini bao lile lilirudiwa kwenye simu za Dar es Salaam usiku kucha.

Kelvin John alipita njia nyingine. Alizaliwa 2003, akang'ara na timu ya taifa ya chini ya miaka 17, na mashabiki wakambatiza Mbappé. Akapelekwa Brooke House, shule ya Uingereza yenye akademi ya soka, na mwaka 2021, alipotimiza miaka 18, akasaini Genk ileile ya Samatta. Njia ilionekana fupi. Kumbe muda mwingi ulipita kwenye Jong Genk, kikosi cha pili cha klabu hiyo, na kikosi cha kwanza akakionja kwa nadra. Mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Bado ni kijana na hakuna aliyeshindwa hapa. Tofauti ni kwamba Samatta alifika Genk akiwa mtu mzima mwenye kombe la Afrika, na kocha hakuwa na cha kusubiri. (Mbappé mwenyewe, kwa wanaolipenda jina hilo, alikuwa akiwindwa na klabu kubwa zaidi lakini akachagua Monaco mwaka 2013. Desemba 2015, akiwa na miaka 16, alikuwa ameshaingia uwanjani na kikosi cha kwanza.)

Hata hivyo, kucheza na wakubwa nyumbani peke yake hakutoshi. Farid Mussa alikuwa ameshaiva Azam alipokwenda Tenerife ya Hispania mwaka 2016. Alicheza zaidi kikosi B, na mwaka 2020 akarudi nyumbani kuvaa jezi ya Yanga. Kipaji hakikuwa na kasoro. Lililokosa jibu ni swali la nani huko anacheza namba yake na kocha ana mpango gani naye. Novatus Dismas, naye zao la Azam, amezunguka zaidi: mkopo Biashara United kule Mara, kisha Israel, Zulte Waregem ya Ubelgiji, Shakhtar Donetsk ya Ukraine, Göztepe ya Uturuki. Hiyo si safari ya kuchora kwenye bango la akademi, lakini karibu kila kituo kilimpa dakika za kucheza.

Majina ya kuchora kwenye bango yana hatari yake. Samuel Eto'o alitoka Kadji Sports Academy ya Douala akaingia Real Madrid akiwa bado mtoto. Jina kubwa, mechi za kuhesabika kwa vidole. Walimkopesha Leganés, daraja la pili, na baadaye wakampeleka Mallorca. Huko Mallorca ndiko dunia ilikomjua.

Barcelona nayo ilikuwa na kikosi cha watoto waliozaliwa 1987 ambamo walikuwamo Lionel Messi, Cesc Fàbregas na Gerard Piqué. Fàbregas aliondoka mwaka 2003 akiwa na miaka 16: kiungo cha wakubwa kilikuwa cha Xavi, na Andrés Iniesta alikuwa anabisha hodi. Arsenal wakampanga dhidi ya Rotherham tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo, mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kuichezea klabu hiyo hadi wakati huo. Piqué akaenda Manchester United mwaka 2004, akasugua benchi, akarudi 2008. Messi alibaki, na alikuwa na sababu, kwa kuwa Oktoba 2004 alikuwa tayari anacheza ligi. Mwaka 2011 watatu hao walivaa tena jezi moja. Nani kati yao alikuwa msaliti? Kila mmoja alisoma orodha ya watu waliokuwa mbele yake, akaamua.

Sasa ile karatasi ya kabatini. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema aliye chini ya miaka 18 hawezi kusaini mkataba wa soka la kulipwa unaozidi miaka mitatu, na kifungu kinachozidi hapo hakitambuliwi. Mkataba wa miaka minane uliosainiwa na mama kwa niaba ya mtoto wa miaka 14 hauna nguvu kupita miaka mitatu, hata ukigongwa mihuri kumi. Aidha, tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni iliyo nje ya klabu kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Mfadhili aliyenunua viatu na kulipa karo amefanya jambo la kheri, na ashukuriwe hadharani, lakini hajanunua asilimia 40 ya mtoto wa watu. Na yule mgeni wa miwani? Kanuni za mawakala za mwaka 2023 zinamkataza wakala kumkaribia mtoto mapema kuliko miezi sita kabla ya umri ambao nchi atakakoajiriwa inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na hata hapo lazima mzazi au mlezi akubali kwa maandishi.

Wapo kati yenu watakaouliza: basi sisi tuliolisha na kufundisha tunapata nini? Swali la haki kabisa, na liliwahi kufika mahakamani. Mfaransa Olivier Bernard alifundishwa Olympique Lyonnais. Mwaka 2000 alikataa mkataba wa kwanza wa kulipwa aliopewa na klabu hiyo, akasaini Newcastle United. Lyon wakamshtaki, wakidai fidia sawa na mshahara ambao angelipwa kwao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Machi 2010 majaji wakatamka kwamba klabu inayolea vijana inastahili kufidiwa gharama za malezi hayo, lakini kumtoza kijana faini kwa kosa la kuondoka, faini isiyohusiana na gharama halisi, ni kumzuia kufanya kazi. Kwa hiyo akademi ilipwe ilichotumia, na kijana aende zake.

Na malipo yenyewe si ya kudharau. FIFA ina fidia ya mafunzo, inayodaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine. Klabu ya Ulaya ya daraja la juu kabisa hukokotolewa euro 90,000 kwa kila mwaka wa mafunzo, isipokuwa miaka ya 12 hadi 15, ambayo hukokotolewa kwa euro 10,000. Kisha lipo fungu la mshikamano: asilimia 5 ya ada ya kila uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Misimu minne ya mwanzo ina robo asilimia kila mmoja, inayofuata nusu asilimia. Akademi iliyomlea mtoto kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 18, akaja kuuzwa euro milioni 10, fungu lake ni euro 250,000. Ada ya Samatta kwenda Villa iliripotiwa kuwa pauni milioni 8.5 hivi; kwa hesabu hiyohiyo, msimu mmoja tu wa umri wa miaka 18 una thamani ya pauni 42,500. Kwa fedha hizo akademi ya mtaani inaweza kulipa makocha wake na mabasi yake kwa muda mrefu.

Sasa hapa ndipo wengi wenu mnapojikata mguu wenyewe. Fungu la FIFA huenda kwa klabu ambayo mchezaji amesajiliwa nayo kwenye shirikisho, msimu hadi msimu. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo husoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Kama pasipoti hiyo inaonyesha kijana alianza soka akiwa na miaka 18 katika timu ya Ligi Kuu, basi miaka yote sita ya nyuma haipo. Picha za mashindano ya watoto zilizotundikwa ukutani hazilipwi. Wala kuzunguka redioni kulalamika kwamba "yule ni mtoto wetu" hakumfanyi mtu wa Paris aandike hundi.

Shirikisho nalo lina sehemu yake ya lawama, na kubwa. Kusajili akademi kusiwe safari ya kuomba saini ofisi hadi ofisi. Mwalimu wa mpira anayefundisha watoto 60 kwenye uwanja wa shule ya msingi hana mwanasheria. Anahitaji fomu moja, ada anayoimudu, na mtu wa ofisi ya mkoa anayejibu simu.

Ipo pia kanuni ya umri. Mtoto hahamishwi kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa mambo machache, kama wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Jambo mojawapo kati ya hayo linawahusu hasa watu wa mipakani: mchezaji anayeishi nyumbani kwao, si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka wa nchi, anaweza kusajiliwa na klabu ya jirani ambayo nayo iko ndani ya kilomita 50 upande wa pili, ilimradi umbali kati ya nyumba na klabu usizidi kilomita 100. Kwa maana hiyo mtoto wa Taveta anaweza kuchezea timu ya Moshi na jioni akala kwao, mashirikisho yote mawili yakiridhia. Kanuni hiyo inaweza kuwasaidia wengi kuliko majaribio ya Ulaya. Huko Ulaya vijana wa Kiafrika walioachwa njiani na mawakala wa uongo walikuwa wengi kiasi kwamba mchezaji wa zamani wa Cameroon, Jean-Claude Mbvoumin, alianzisha shirika zima la kuwasaidia, Foot Solidaire, mjini Paris.

Kuhusu wasichana, neno moja. Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess mwaka 2022 kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Fidia ya mafunzo ya FIFA haiwahusu wanawake. Anayelea wasichana hana budi kuandika haki yake ndani ya mkataba wa kuuza, maana kanuni ya fidia haitamkumbuka baadaye.

Nchini Senegal, akademi ya Génération Foot ilijua tangu mapema kwamba watoto wake wataondoka, ikatengeneza njia yenyewe kwa kushirikiana na FC Metz ya Ufaransa. Sadio Mané alipita humo mwaka 2011, Ismaïla Sarr mwaka 2016. Hakuna aliyelazimika kutoroka usiku.

Haya basi ndiyo yanayoombwa kwenu. Mkataba wa kinda uwe wa miaka mitatu, na uwe na kifungu kinachosema kwamba akifika miaka 18 bila kuchezeshwa mechi hata moja ya ligi ya watu wazima, yuko huru kuondoka na akademi itadai fidia ya mafunzo tu. Kifungu hicho kitawatia presha, ndiyo, na ndicho kilichokusudiwa: mtamtafutia mkopo kwenye Championship ya Tanzania au Super League ya Kenya badala ya kumweka akiba. Anayesoma amalize kidato cha nne kabla ya safari yoyote. Klabu ya maana haitamkimbia kwa sababu ya mtihani wa Novemba. Nakala ya mkataba apewe mzazi siku ileile ya kusaini, kwa Kiswahili. Wakala akija, aulizwe leseni yake kabla hajakaribishwa chai.

Kwa TFF na FKF ombi ni moja, na halihitaji mkutano mkuu. Kila mtoto wa akademi asajiliwe kwenye mfumo kuanzia msimu anaotimiza miaka 12. Waliotimiza umri huo mwaka huu na bado hawamo wanapoteza msimu wao wa kwanza wa hesabu. Waingizwe kabla ligi za vijana hazijaanza.